Njia ya Vita Hadi Nakivale: Nasaha kwa Mume na Mke Wastaafu

Mume na mke waliokwisha kukabidhi ofisi zao, wakapokea kiinua mgongo, wakawaoza watoto, na ambao bado wana gari zima, macho ya kuliendesha mchana, na hamu ya kuiona dunia kabla magoti hayajakataa, aghalabu hushauriwa waende mbugani wakawatazame simba, ama waende pwani wakapunge upepo. Na yote hayo ni mema. Mimi nawashauri njia nyingine, isiyo na gharama kubwa wala masafa ya kutisha: waondoke Bukoba, wavuke mto Kagera pale Kyaka, waingie Uganda kwa Mutukula, wapite Kyotera na Masaka, wachepuke kidogo hadi Lukaya, warudi na kushika njia ya Mbarara, kisha waende Nakivale yanakokaa makundi kwa makundi ya watu waliofukuzwa makwao na vita vingine, na warejee nyumbani kwa Kikagati na Karagwe. Siku kumi zatosha, na wenye subira wachukue wiki mbili.

Katika Marekani wastaafu wana desturi ya kuzunguka kwa magari yao miji midogo ya Kusini na nyanja za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na mtu afikapo Shiloh au Vicksburg hukuta kila kilima kina jiwe la kumbukumbu, kila mzinga umerudishwa mahali ulipofyatuliwa mwaka 1862 au 1863, na kibao kinamweleza nani alisimama wapi. Katika njia hii ninayowaelekeza hamtakuta mambo hayo ila kwa uchache mno. Vita vya Kagera, baina ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, vilipita hapa mwaka 1978 na 1979, vikabadili serikali ya nchi nzima, lakini nyanja zake leo ni migomba, malisho ya ng'ombe na vituo vya mafuta. Kumbukumbu yake imo vifuani mwa wazee waliokuwapo, na wazee hao hawamfungulii kila apitaye. Kijana mwenye kamera hujibiwa kwa maneno mawili. Lakini mzee mwenye mvi, aliyefuatana na mkewe, asiye na haraka, huvutiwa kiti. Ndiyo sababu nasema safari hii ni ya wastaafu kuliko watu wengine wote, na tena muda wake si mrefu, kwani aliyekuwa na miaka ishirini siku zile sasa amekwisha kupita sitini na mitano.

Ondokeni baina ya Juni na Agosti, wakati barabara za vumbi zinapitika. Chukueni pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kadi ya gari, na bima inayokubaliwa ng'ambo ya mpaka. Na ikiwa gari limeandikwa kwa jina la mwana wenu, kama yalivyo magari ya wastaafu wengi, awaandikieni barua ya idhini yenye sahihi ya wakili. Dawa za shinikizo la damu na za sukari zigawanywe katika mikoba miwili, ya bwana na ya bibi, ili mmoja ukipotea mwingine usalie. Msiendeshe baada ya magharibi, kwani huko mbele ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu huvuka barabara kwa wakati wao wenyewe. Na mmoja ashikapo usukani, mwingine ashike daftari: andikeni majina ya mahali, si majina ya watu.

Kabla ya kuondoka mkoa wa Kagera, zuruni makaburi ya mashujaa wa vita hivyo yaliyoko Kaboya, wilayani Muleba. Nayaweka mwanzoni mwa safari kwa makusudi, kwa kuwa anayeyaona mwishoni huwa amechoka, na hutembea kati ya misalaba na mawe akifikiria kitanda chake. Kisha nendeni Kyaka. Daraja la hapo lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwanzoni mwa Novemba 1978, siku chache baada ya wao kuingia katika pembe ya Kagera na kutangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto ni ya Uganda. Na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) walipotaka kurudi ng'ambo iliwabidi wajenge daraja la muda. Simameni pembezoni, palipo na nafasi ya gari, mwangalie upana wa mto ule, ndipo mtakapofahamu kwa nini daraja moja liliweza kuchelewesha jeshi zima. Ninyi mliokuwa vijana wakati ule mnakumbuka redio ikinguruma, ng'ombe na magunia ya nafaka yaliyochangwa vijijini, na baadaye ile miezi kumi na minane ya kufunga mikanda ambayo mikanda yake, kwa wengi wetu, haikulegezwa hata ilipokwisha.

Mutukula ni mji wa malori na wabadilishaji fedha. Maofisa wa nchi mbili hukaa pamoja, na shughuli ya hati huenda upesi mkifika asubuhi. Mji huu ulitwaliwa na JWTZ usiku wa tarehe 21 Januari 1979, ukabomolewa hata ukawa uwanja mtupu, kuwa kisasi cha yaliyotendwa Kagera. Nyumba zote mzionazo ni za baadaye. Badilini fedha za siku mbili tatu tu, msiruhusu mtu awahesabie noti zenu, kisha endeleeni.

Kutoka hapo hadi Masaka ni kadiri ya kilometa 90 za lami. Karibu na Kakuuto mtaona vilima ambavyo vitabu vya vita huviita vya Simba. Hapo majeshi mawili yalipambana Februari 1979. Mpita njia haoni ila nyasi na mbuzi. Kituo kinachofaa kusimama ni Kyotera au Kalisizo, miji midogo yenye vibaraza virefu vya maduka, na hapa nisitishe mwendo, kwa maana hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu safari yao.

Mgeni Mtanzania hudhani kwamba kwa kuwa anasema Kiswahili, basi anasema lugha ya udugu. Katika Buganda mambo hayako hivyo kwa wazee. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari waliogonga mlango usiku, zama za Amin na hata baada yake, na japokuwa baraza la mawaziri la Uganda lilikiidhinisha mwaka 2022 kuwa lugha rasmi, idhini ya serikali haiondoi kumbukumbu ya mlango uliogongwa. Basi jifunzeni maamkizi ya Kiganda, mseme “ssebo” kwa mwanamume na “nnyabo” kwa mwanamke, mwinamishe kichwa kidogo, na bibi asione taabu kuamkia kwa unyenyekevu zaidi ya alivyozoea kwao, kwani huko mwanamke bado hupiga goti akiamkia. Nunueni kitu kwanza, ndizi au chai. Mkijua Kiingereza anzeni nacho. Kiswahili kitakuja chenyewe baada ya dakika kumi, tena mara nyingi kitaletwa na mwenyeji.

Wala msianze kwa kuuliza habari za vita. Ulizeni barabara ya zamani ilipita wapi. Ulizeni jengo lile lisilo na paa lilikuwa duka la nani. Mzee atawajibu kwamba lilikuwa la Mhindi aliyefukuzwa 1972, kisha likapewa mtu wa Amin, kisha likapigwa na mzinga. Na hapo mazungumzo yamekwisha kufika mlikotaka bila ninyi kuyasukuma. Katika maeneo ya Kyotera na Rakai mtasikia masimulizi ya misiba miwili yakifuatana: kwanza vita, halafu Ukimwi, uliojulikana katika vijiji vya ufuoni kama Kasensero tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukawamaliza watu hata nyumba zikabaki na babu na wajukuu. Msikilizaji mwema hatauliza ni upi ulioua wengi.

Masaka ilitwaliwa tarehe 24 Februari 1979, na Mbarara siku iliyofuata. Nataka Mtanzania afahamu jambo hili kabla hajaingia, asije akalisikia kwa mara ya kwanza kinywani mwa mwenyeji akaanza kubisha: majeshi yetu, yaliyokuja kukomboa, yaliibomoa miji hii miwili kwa mizinga na baruti kwa hasira ya yaliyotendwa Kagera, na athari zake zilionekana Masaka kwa miaka mingi. Watu wa huko walitushangilia, nao walipoteza nyumba zao kwa mikono yetu, na wazee wao hukumbuka mambo yote mawili katika pumzi moja. Mtu akiwaeleza hayo, msimtetee mtu yeyote wala msiombe radhi kwa niaba ya taifa; semeni poleni, mnyamaze, mnywe chai.

Laleni Masaka, na kesho yake asubuhi mwende Lukaya, yapata kilometa 30 kwa njia ya Kampala. Hapa ndipo vita vilipokaribia kugeuka. Barabara hupita katikati ya kinamasi kikubwa cha mafunjo, imeinuliwa juu ya tuta, na jeshi lililo juu ya tuta halina pa kukimbilia kulia wala kushoto. Tarehe 10 Machi 1979 askari wa Libya walioletwa kumsaidia Amin, pamoja na vikosi vyake mwenyewe, waliishambulia Brigedi ya 201 ya JWTZ, iliyokuwa na wanamgambo wengi wasio na uzoefu, ikarudi nyuma kwa fujo. Usiku ule Brigedi ya 208 ilizunguka mbali ili ije kupiga kwa ubavuni na nyuma, na alfajiri ya tarehe 11 mashambulizi yakafanywa kutoka pande mbili, Walibya wakavunjika, na Luteni Kanali Godwin Sule aliyewaongoza wanajeshi wa Amin akafa hapo. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilianguka. Aliyekuwa mkuu wa divisheni iliyopigana njia hii yote, Jenerali David Musuguri, aliishi akavuka miaka mia moja, akafariki Oktoba 2024.

Kuyafahamu hayo kwa miguu, egesheni gari mjini Lukaya, mtembee hadi kinamasi kinapoanza, mtazame urefu wa tuta na unyoofu wake. Hamtahitaji ramani. Angalieni malori, kwani hii ni njia kuu ya mizigo ya Rwanda na Kongo, na madereva wake hawana muda wa historia. Kisha rudini mjini mle kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma; wauzaji wenye makoti ya rangi watakuja wenyewe hadi dirishani, na bei yao hupungua kwa upole kuliko kwa ukali.

Kutoka Masaka hadi Mbarara ni kadiri ya kilometa 140, na nchi hubadilika polepole: migomba hupungua, malisho huongezeka, na baada ya Lyantonde mtu anajua kwamba ameingia katika dola ya ng'ombe. Wenye kupenda wanyama wana hifadhi ya Ziwa Mburo upande wa kushoto. Mimi ningewashauri wahifadhi siku hiyo kwa Biharwe, kama kilometa 12 kabla ya Mbarara, penye kituo cha utamaduni cha Igongo na makumbusho yake ya mambo ya Ankole, na ng'ambo ya barabara mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua mwaka 1520, tukio ambalo hesabu za wanajimu zimewasaidia wanahistoria kupanga tarikhi ya wafalme wa nchi hizi. Kuleni chakula cha mchana hapo, na msiondoke bila kuonja eshabwe, mchuzi mweupe wa samli, ambao daktari wa mstaafu asingeupendekeza kila siku.

Mbarara sasa ni jiji, tangu Julai 2020, lenye mto Rwizi, chuo kikuu kilichoanzishwa 1989, na hospitali kubwa ya rufaa, neno ambalo wasafiri wa umri wetu hulisoma kwa makini. Pumzikeni siku mbili. Kambi ya jeshi iitwayo Simba msiipige picha wala msiizungukezunguke. Itazameni mkipita tu, mkikumbuka kwamba ndani yake Julai 1971 waliuawa Wamarekani wawili, mwandishi Nicholas Stroh na mwalimu wa Makerere Robert Siedle, waliokwenda kuuliza habari za askari waliochinjwa. Na kwamba tarehe 17 Septemba 1972 wahamishwa wa Uganda waliotoka Tanzania, Yoweri Museveni miongoni mwao, waliivamia wakashindwa. Jambo lililoshindikana 1972 likawezekana Februari 1979, Brigedi ya 206 ilipofika kwa kupitia vilima vya Gayaza, baada ya kuviziwa huko na kupoteza watu. Mwenye kutaka utulivu aende Nkokonjeru, nje kidogo ya mji, penye makaburi ya wafalme wawili wa mwisho wa Ankole waliotawala, Kahaya na Gasyonga. Ufalme wao ulifutwa 1967, na falme nyingine ziliporudishwa 1993 huu haukurudishwa. Muulizeni mlinzi kwa nini, kisha mketi, kwa kuwa jibu ni refu.

Sasa Nakivale. Hapa ruhusa ndiyo kwanza. Makazi ya wakimbizi yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda, na mgeni sharti apate kibali chake mapema, kisha akifika ajitambulishe kwa mkuu wa makazi pale Base Camp. Anzeni kukitafuta kabla hamjatoka nyumbani, na mkiwa Mbarara mwende katika ofisi yao ya wakimbizi mkathibitishe. Semeni kweli: ni wastaafu, mnataka kuona na kusalimia. Mkikataliwa, msipite kwa mlango wa nyuma wala msitafute bodaboda wa kuwaingiza. Mkikubaliwa, njia ni ile ya Kikagati ipitayo Isingiro, halafu mnaacha lami mkaingia vumbini. Mwendo wote ni wa saa moja na nusu hivi, na mvua ikinyesha msiende.

Makazi haya yalianza 1958, yakatangazwa rasmi 1960, ili kuwapokea Watutsi waliokuwa wakikimbia Rwanda. Ndiyo ya kale kuliko yote nchini Uganda, yameenea juu ya kilometa za mraba 185 hivi kandokando ya ziwa liitwalo kwa jina hilohilo, na leo yana watu zaidi ya laki mbili: Wakongo wengi kuliko wote, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Mwaka 1982, vijana wa chama kilichotawala walipowafukuza Wanyarwanda katika mashamba yao ya Ankole, wengi walirudi kujikusanya hapa na katika makazi jirani ya Oruchinga. Na katika watoto wa kizazi hicho cha ukimbizi ndimo walimotoka waliorudi Rwanda na bunduki mwaka 1990. Paul Kagame, mmoja wao, alisoma Ntare, shule ileile ya Mbarara aliyosoma Museveni. Mkiwa mmekwisha kuipita Mutukula na Lukaya, mtaona kwamba hapa mmefika mahali ambapo vita vya nchi sita vimemwaga watu wake, na ambapo vita vinaweza pia kuanzia.

Msitarajie mahema na seng'enge. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kusafiri, na hapa hupewa kipande cha ardhi, basi mtakachoona ni vijiji vyenye mahindi na maharage, maduka, vyerehani, vinyozi, vibanda vya kuchaji simu. Kuna mitaa ya Wakongo yenye vitenge na sombe, yaani kisamvu, na mtaa wa Wasomali wenye msikiti, chai ya maziwa yenye viungo na wali wa nyama ya mbuzi. Kuleni kwa Wasomali mchana, mnywe chai ya jioni kwa Wakongo. Nunueni vitu: nguo ya kushonwa hapo hapo, vikapu, samaki wa ziwani. Fedha iliyolipwa kwa kazi haimuaibishi mtu. Sarafu inayotupiwa watoto huwafundisha kufuata magari. Tangu 2023 mgao wa chakula umekatwa kwa wengi, hivyo mtu anaweza kuwaomba msaada waziwazi. Jibuni kwa ukweli mlio nao, wala msiahidi mtakachosahau mkifika Bukoba. Wastaafu waliokuwa walimu au wauguzi ndio wenye hatari kubwa hapa, kwani ulimi wao huahidi kabla ya akili.

Jambo moja litawafurahisha. Kiswahili, kilichokuwa na mashaka kule Kyotera, hapa ndicho kinachowafanya majirani waelewane, Mkongo wa Uvira na Mrundi wa Makamba na Msomali aliyekaa Nairobi, kila mmoja na lafudhi yake. Wakongo watawaita papa na mama, wakiwapa mikono miwili. Msicheke Kiswahili chao. Wao husikia chetu kama cha redioni. Atokeapo mzee wa umri wenu, mkaribieni kama mnavyomkaribia mzee wa mtaa: hali, watoto, shamba, mvua. Swali la kwa nini alikimbia amekwisha kuulizwa mara nyingi na maofisa wenye fomu, na hadhi yake ilitegemea jibu lake. Msimrudishe katika foleni ile. Akitaka kusema atasema, na mara nyingi atamwambia bibi kabla ya bwana. Daftari liacheni garini siku hiyo. Mkibahatika kuwapo Jumapili, kaeni nje ya kanisa lolote la Wakongo kwa saa moja. Kwaya zao hazihitaji mwongozo wangu.

Rudini kulala Mbarara au Isingiro kabla jua halijazama. Na siku ya kuondoka, msirudi kwa Masaka. Shikeni Kikagati, mji mdogo juu ya mto Kagera, mvuke kwenda Murongo upande wa Tanzania, mwende Karagwe mlale huko kwenye kahawa na baridi. Fikeni mpakani asubuhi, kwa kuwa hapo si Mutukula, na ofisa akienda kula mtamngoja. Sehemu ya kwanza baada ya Murongo ni ya milima, basi jazeni mafuta Isingiro, na mwenye macho mazuri zaidi kati yenu ndiye aendeshe.